Ndiyo Ambayo Sikuisema

Siku niliyosikia kwamba nimekubali kuolewa, nilikuwa nimesimama nje ya duka la simu Bungoma mjini, karatasi ya daktari mkononi, na sikuwa nimetamka neno hata moja kwa siku ishirini na mbili.

Nianze na hicho kimya, la sivyo mtaniona mwongo. Mwezi uliopita daktari alinitoa uvimbe mdogo kwenye nyuzi za sauti, uvimbe wa mtu aliyeimba miaka mitano kwenye majukwaa yenye spika mbovu. Akaniamuru nikae majuma sita bila kusema. Nisiimbe, nisinong'one, na nikikohoa nikohoe kwa adabu. Nikahamia kwa Anti Chepkosgei, dada yake Baba anayekaa hapo Bungoma, nikanunua daftari la kurasa mia moja, nikazima data kwenye simu ili mashabiki wasinisumbue. Asubuhi hiyo ya Alhamisi daktari alinichungulia tena kooni kwa kile kioo chake.

"Unapona vizuri, Chesang," akasema. "Zimebaki wiki tatu. Lakini ukiongea kabla ya hapo, pale nilipokata patachanika, na mimi sitaweza kukurudishia sauti yako ya zamani. Umenielewa?"

Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa. Nikatoka nje na furaha yangu, nikavuka barabara, na hapo ndipo niliposikia ile ngoma.

Mdundo niliujua kabla sijajua wimbo. Hakuna mtu mwingine nchi hii anayechukua mlio wa mashine ya kusaga unga akaufanya besi. Ni Kimotho. Nikatabasamu pale barabarani kama mjinga, nikidhani ametoa kitu kipya cha ala peke yake. Kisha nikaingia mimi. Sauti yangu, nyororo, yenye afya, ikitoka kwenye spika mbili kubwa kama makabati: "Ndiyo, Kimo. Ndiyo, Kimo. Twende nyumbani."

Sikuwahi kuimba wimbo huo.

"Si ni wewe!" Muuza simu alitoka dukani mbio. "Chesa wa Tochi Mbili! Kumbe umekubari! Hongera, bana! Harusi ni rini?"

Wasichana wawili waliokuwa wakinunua kava za simu waligeuka, wakapiga kelele, wakanishika mikono. "Jana tumelia, walahi! Ati alikuuliza ukajibu kwa wimbo! Hebu sema kitu kidogo tu, nirekodi."

Nikaonyesha koo langu kwa kidole. Nikaonyesha meno. Nikaondoka pale kwa haraka ambayo haikuwa ya bibi harusi.

Tochi Mbili ni sisi wawili, mimi na Kimotho. Yeye hutengeneza midundo kwa kompyuta, mimi huimba, na watu hucheza hadi viatu vinapotea, kuanzia Kitale mpaka Kisumu. Jina tulilipata shoo yetu ya kwanza, Sirisia, umeme ulipopotea na jukwaani zikabaki tochi za simu zetu. Miaka mitatu sasa tunapendana, na hilo mashabiki walilijua kabla yetu. Mwezi wa tano aliniuliza kama nitakuwa mke wake. Nilimbusu, nikamwambia sitamjibu pale Kitale tunakofanyia kazi. Kwetu, huku juu mlimani, msichana huulizwa mbele ya watu wake wageni wakiwa wameketi: unawajua hawa? Unamtaka huyu? Asipofungua mdomo, chai hainyweki.

Baba, mzee Kemboi, hakutaka hata kusikia habari hiyo. "Huyo Mkikuyu halimi, hafugi, anafinya tu mashine," alisema. "Na wewe anakurusha-rusha mbele ya walevi." Nilipigana vita hivyo miezi minne. Kila nilipopata nafasi nilipanda nyumbani, nikapalilia viazi sako kwa bako na Baba bila kulitaja jina la Kimotho, hadi siku moja yeye mwenyewe akaegemea jembe akauliza, "Na yule kijana wa mashine, mama yake ni mtu wa namna gani?" Nilitaka kulia. Akakubali waje. Nilipougua koo, ni yeye aliyesogeza tarehe. "Nitangoja upone," alisema. "Mimi nataka kukusikia ukijibu."

Na jibu nilikuwa nalo. Nililala nalo kila usiku kwenye kitanda cha Anti, nikilifanyia mazoezi moyoni, maana mdomoni nilikatazwa.

Nilipofika nyumbani, Anti Chepkosgei alikuwa amekaa kwenye kochi na simu mapajani, mboga zikiungua jikoni.

"Baba yako amepiga mara nne," akasema. "Keti."

Sikuketi.

"Alipeleka mahindi kusaga. Vijana wa pale wamefungulia redio. Akasikia mtoto wake anasema ndiyo, ndiyo, twende nyumbani, na watu wote wanamwangalia. Ati mzee mmoja akamwuliza, Kemboi, kumbe mlishakula mahari kimya kimya bila sisi?" Anti akapangusa macho kwa ncha ya leso. "Wewe Chesang, hungeweza kungoja wiki nne wageni waje? Sisi tumekuombea kwa huyo mzee mpaka magoti imeisha!"

Nikachukua daftari, nikaandika kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka: SIKUIMBA.

"Si ni sauti yako? Mimi nimekulea, naweza kosa kujua sauti yako?"

NI YANGU. SIKUIMBA.

Alisoma mara mbili, akanitazama, na niliona haelewi. Nitamlaumu vipi? Hata mimi nilikuwa bado naelewa kidogo kidogo.

"Anasema wasije," Anti akasema kwa sauti ya chini. "Anasema, mtu aliyejibiwa na redio atatafuta nini kwangu?"

*

Saa tisa alasiri nilikuwa Kitale. Studio yetu ni chumba cha nyuma cha agrovet ya mama yake Kimotho, na kufika huko ni lazima upite kati ya magunia ya chakula cha kuku na dawa za kuogesha ng'ombe. Mama Wamboi aliponiona aliacha mteja akining'inia na mzani.

"Ngai! Bibi arusi!" Akanikumbatia, ananukia molasi na sabuni. "Usiongee, usiongee, najua. Mimi nimecheza huo wimbo hapa mbele ya wateja, uliza mtu yeyote. Njoo uone." Akanivuta nyuma ya kaunta, akafungua mfuko wa plastiki. "Blanketi ya baba, blanketi ya mama, na hii ya shangazi yako wa Bungoma. Huko kwenu kuna baridi, siwezi kuja mikono mitupu. Hii rangi baba ataipenda?"

Ilikuwa ya kijani, nzito, yenye pindo la hariri. Nikaipapasa. Nikatikisa kichwa kwamba ataipenda, kwa sababu mama huyu hakunikosea chochote. Kisha nikapita kwenda nyuma.

Kimotho alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, vipokea sauti shingoni. Aligeuka, na uso wake ukawaka. Nitasema ukweli: hata na hasira niliyokuwa nayo, moyo wangu uliruka. Wiki tatu sikuwa nimemwona. Alikuwa amekonda, na ile shati ya bluu niliyomnunulia ilikuwa na kifungo kimeng'oka, na mikono yangu ilitaka kukishona.

"Niaje, mrembo. Manze, nimekumiss." Akasimama, akanyoosha mikono. "Umeisikia? Nilitaka nikuletee mwenyewe Jumapili. Ilikuwa sapraizi."

Nikarudi nyuma hatua moja. Mikono yake ikabaki hewani.

"Chesa?"

Nikaketi kwenye kiti changu, nikafungua daftari, nikaandika, nikamsukumia. Aliposoma kimya nikagonga meza, nikaonyesha mdomo wake. Nilitaka asome kwa sauti. Maneno yangu yalikuwa yamepita kwenye spika za watu bila ruhusa yangu, basi na haya yapite mdomoni mwake.

Akakohoa. "'Ndiyo uliitoa wapi?'" akasoma. Akajaribu kucheka. "Aa, hiyo. Mwezi wa pili. Nilikuuliza kama niongeze sukari kwa chai, ukasema ndiyo. Ilikuwa safi sana, Chesa, haina hata kelele nyuma. Niliiweka tu."

Nikaandika tena.

"'Na Kimo?'" Sauti yake ilianza kushuka. "Ulikuwa unaniita nikuletee chaja."

Nikaandika la tatu polepole, maana hilo nilijua jibu lake, na nilitaka alitoe yeye.

"'Na twende nyumbani?'" Akajikuna shingo. "Webuye. Baada ya shoo."

Webuye, mvua imetunyeshea hadi chupi, mimi nimekaa juu ya boksi la spika nikilia, kwa sababu siku ile Baba alikuwa ameniambia nisikanyage kwake tena na huyo mwanamume akilini. Nilikuwa nimemwambia Kimotho, twende nyumbani, twende nikamwone Baba hata akinifukuza. Alinifunika na jaketi yake, akanishika hadi nikatulia. Sikujua kwamba maiki ilikuwa bado inachukua.

"Lakini ni wewe," akasema haraka, akipiga magoti mbele ya kiti changu. "Kila neno ni la mdomo wako. Mimi nilinyoosha tu, nikapandisha hapa, nikashusha pale. Sikutumia mashine za kuiga sauti za watu, mimi si mwizi. Nilikuwa hapa peke yangu, studio kimya, sijui kama utaimba tena. Daktari mwenyewe alisema labda. Nikafungua zile faili nikusikie tu. Siku ya kwanza kukusikia tu, walahi. Siku ya pili nikapanga maneno mawili. Halafu siku moja ukaniambia ndiyo." Macho yake yalijaa. "Unajua nimeingoja hiyo ndiyo tangu mwezi wa tano?"

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nilimwamini kila neno, nikamwona pale peke yake na sauti yangu, akijilisha makombo. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye nywele zake.

Kisha nikaona kompyuta. Kwenye kioo, mstari wa kijani ulikuwa ukiruka kila alipovuta pumzi. Kimotho hazimi maiki. Ndivyo alivyojifunza kazi, anasema kitu kizuri hakibishi hodi. Alikuwa anarekodi kilio chake mwenyewe.

Nikaondoa mkono. Nikainuka, nikang'oa waya ukutani.

"Sikukusudia! Ni mazoea, Chesa, si unanijua?"

Nikaandika. Akasoma akiwa bado chini.

"'Baba amesema msije.'"

Nje, Mama Wamboi alikuwa akimwelekeza mtu jinsi ya kuchanganya dawa ya kupe.

"Kwa sababu ya ngoma?" akauliza. "Kwani si alikuwa amekubali? Si angefurahi?"

Huyu mtu niliyempenda alikuwa na masikio ya kusikia nzi akitua kwenye kamba ya gita, na hapo alipo hakusikia kitu. Nikaandika ukurasa mzima. Mkono uliniuma. Alisoma kwa sauti bila kuambiwa, akikwama-kwama.

"'Baba aliogopa kitu kimoja, kwamba ukinichukua sitakuwa na la kusema. Nilimwambia wewe si mtu wa hivyo. Nilimwambia, subiri utaniuliza mbele ya watu wote na utanisikia. Alisogeza tarehe ili anisikie. Kimo, lile lilikuwa langu. Katika maisha yangu yote watu wameniandikia cha kuimba, hata wewe. Lile moja lilikuwa langu.'"

Akaliweka daftari mapajani kwake.

"Ungesema nini?" akauliza. "Hiyo siku. Ungesema nini?"

Sikugusa kalamu.

"Nitaitoa," akasema. "Leo hii. Lakini imeshatoka, wasee wameichukua, iko kila mahali. Na wale wa Nairobi, wenye tamasha la Disemba, wametuchukua kwa sababu ya hiyo ngoma. Nikisema nimeiunga-unga bila wewe kujua, watasema Tochi Mbili ni feki. Miaka mitano, Chesa. Na kama koo lako..." Hakumaliza. Hakuwa na haja. Kwenye kile kisanduku cheusi cha kuhifadhia faili kando ya kompyuta kulikuwa na sauti yangu yote ya miaka mitano, na kooni mwangu sikujua kumebaki nini.

Nikamtazama tu. Alisimama, akazunguka chumba mara mbili, akapiga ngumi ile sponji ya ukutani. Kisha akachukua simu yake, akaitafuta namba, akaiweka mezani na spika ikiwa wazi. Sikujua kama anayo namba ya Baba.

Ililia mara tano.

"Nani?" Nyuma yake ng'ombe alilia.

"Mzee, shikamoo. Ni Kimotho. Wa Kitale."

Kimotho akainama karibu na simu.

"Mzee, nimepiga kusema ukweli. Ule wimbo, Chesang hakuuimba. Ni mimi. Nilichukua maneno aliyosema siku zingine, ya chai, ya vitu vya kawaida, nikayaunganisha na kompyuta. Hajasema ndiyo. Hajui chochote, amesikia leo barabarani kama wewe." Alikuwa analia sasa bila kujificha. "Ata nikiulizwa na watu wa redio nitawaambia hivyo. Usimkasirikie. Nikasirikie mimi."

Baba alijibu kwa Kiswahili, ili Kimotho asikose neno.

"Ulimtoa mtoto wangu maneno kwa mdomo."

"Ndiyo, mzee."

"Ya chai."

"Ndiyo, mzee."

"Na yeye mwenyewe hukuuliza."

"Sikuuliza."

Nikasikia akivuta kiti, akiketi. Mzee wangu magoti yanamsumbua wakati wa mvua.

"Wewe kijana, nilisema hujui kazi. Nilikosea. Unajua kazi sana." Akapumua. "Chesang yuko hapo?"

"Yuko, mzee. Lakini haruhusiwi kuongea, daktari..."

"Najua. Mimi ndiye baba yake." Kisha akaniita Mama, jina langu la nyumbani, lile ambalo halijawahi kuandikwa kwenye bango lolote. "Mama, usiseme kitu. Usiharibu koo kwa sababu ya hii maneno. Mimi nitauliza mara moja, na wewe ugonge meza. Ukigonga moja, unamtaka, waje, na mimi nitanyamazisha watu wa huku. Ukigonga mbili, hutaki, na mimi nitakuja kukuchukua leo. Nimesema vizuri?"

Kimotho akaniangalia. Macho mekundu, kifungo kimeng'oka, mtu wangu. Akasogeza simu karibu na mkono wangu, taratibu, kama anayeogopa kuniamsha.

"Unamtaka huyu?" Baba akauliza.

Wiki iliyopita ningegonga kabla hajamaliza kuuliza. Niliinua ngumi. Ilikuwa pale, juu ya meza, na ndani yangu nilikuwa natafuta ile ndiyo niliyolala nayo kila usiku, niliyoitunza, niliyoifanyia mazoezi. Niliisikia. Lakini ilikuja na mdundo wa mashine ya kusaga chini yake, na sikuweza tena kujua ni ipi yangu na ipi yake. Nikatafuta hapana. Hiyo nayo haikuwepo.

Mkono wangu ukakaa hewani. Ng'ombe akalia tena. Mahali fulani dukani Mama Wamboi akacheka na mteja.

Baba alingoja. Hakurudia swali, hakuniharakisha. Nadhani alingoja dakika nzima, na katika dakika hiyo hakuna mtu aliyenisaidia kujibu.

"Haya," akasema mwishowe, kwa upole. "Nimesikia."

Akakata simu. Kimotho alikuwa bado anautazama mkono wangu, akingoja.